Swali la Usingizi

Binti aliuliza mambo mengi siku ile, na karibu yote Lukresia aliyajibu bila taabu. Aliulizwa kama chakula kinapita, akasema kinapita kikiwepo. Aliulizwa kama kichwa kinamuuma, akasema kichwa cha mtu aliyezika mtoto kitaachaje kuuma. Aliulizwa kama bado ana hamu ya kukaa na wenzake, akasema wenzake anawaona kanisani na kisimani, wanamtosha. Binti alikuwa ameketi kwenye kigoda, magoti yamepanda juu kwa sababu kigoda kilikuwa kifupi, simu yake kubwa iko mapajani, na kila jibu analigusa kwa kidole. Halafu, bila hata kuinua macho, akauliza:

"Na usiku, bibi, unalala?"

Lukresia alikuwa anachambua choroko kwenye ungo. Mkono ukasimama.

"Nalala," akasema.

"Usingizi unakuja vizuri? Huamki-amki katikati?"

"Nikishaweka kichwa chini, mjukuu wangu, ni mpaka jogoo. Hata ukinibeba ukanipeleka Mwanhuzi sitajua."

Binti akacheka, akagusa simu yake. Lukresia naye akacheka, huku moyo unamwenda mbio kama mtu aliyekanyaga kitu laini gizani.

Kwa watu wa Bukundi swali lile haliulizwi hivi hivi. Asubuhi watu huulizana wameamkaje, na jibu ni mhola, yaani salama, basi yanaishia hapo, hakuna anayetaka habari zaidi. Lakini kumkalia mwanamke mzee, tena mjane, macho kwa macho, ukamuuliza kama usiku analala, hilo halina uhusiano na afya. Kila mtu mzima anajua ni nani asiyelala usiku. Asiyelala usiku ana kazi zake nje. Anatembea wakati wenzake wamelala, ana fisi wake anaowafuga kama wengine wanavyofuga mbwa, na asubuhi ukimkuta juani anasinzia unajua amekesha wapi.

Na Lukresia alikuwa na sababu ya kuliogopa swali lile kuliko wajane wengine.

Mwanawe Mayunga alikufa mwishoni mwa kiangazi. Kiangazi chenyewe kilikuwa kibaya, nyasi ziliisha mpaka mizizi, ng'ombe wakawa wanalamba udongo, na zizi lililokuwa likijaa kila jioni likabaki la vumbi na mbuzi wachache. Alipoanguka dume jekundu, ambaye ndiye alikuwa wa mwisho, Mayunga aliacha kusema. Alikuwa anakula akiambiwa kula, anaoga akiambiwa kuoga. Asubuhi moja wakamkuta zizini, amejitoa uhai mwenyewe. Kijiji kizima kilijua hivyo, na hakuna aliyesema hivyo. Walisema kapatikana. Maana mwanamume mwenye mke na mtoto hajitoi duniani hivi hivi, lazima uko mkono uliomsukuma, na kazi ya ndugu ni kuutafuta huo mkono.

Aliyeutafuta ni Bujiku, mdogo wake marehemu mume wa Lukresia. Bujiku bado alikuwa na ng'ombe, aliwahi kuwahamishia kusini majani yalipoanza kukauka. Akapanda basi kwenda kwa mganga mmoja wa mbali, upande wa ziwani, akarudi na neno. Neno likatembea kijijini kabla mwenyewe hajavua viatu. Mganga alikuwa amesema aliyemla Mayunga hayuko mbali, yumo ndani ya kaya yake, na ni mtu asiyefumba macho usiku.

Ndani ya kaya ile walikuwamo watu wazima wawili tu, Lukresia na Goodness, mke wa Mayunga. Goodness bado kijana, ana mtoto wa kunyonya. Hakuna aliyehitaji kutajiwa jina.

Sasa juu ya hayo yote anatokea binti wa mjini, anashushwa na bodaboda uwanjani, anasema anaitwa Evalina, ametoka Bariadi kwenye mradi wa afya ya akili, mradi wa kuwasaidia watu waliopoteza mifugo na ndugu zao. Anapewa kigoda, anapewa maji. Na katika maneno yote ya dunia anachagua kuuliza kama bibi analala.

Alipoondoka, Lukresia alimwaga zile choroko chini akaanza kuzichambua upya, kwa sababu hakukumbuka amefika wapi.

Ukweli ni kwamba usiku alikuwa halali. Tangu msiba, usingizi ulikuwa unamgusa kidogo mwanzo wa usiku halafu unaondoka zake. Hapo ndipo anaposikia kengele. Anajua kabisa ng'ombe hawapo, ngozi zao ziliuzwa na mifupa iko bondeni, lakini anaisikia kengele ya dume jekundu ikigonga polepole, kama inavyogonga ng'ombe akigeuza shingo kufukuza nzi. Akishindwa kuvumilia alikuwa anatoka, anakwenda kukaa kwenye jiwe la mlango wa zizi, mpaka masikio yatulie. Mambo kama haya angemwambia nani? Anayesikia kengele za ng'ombe waliokufa, ama ni mwendawazimu ama ni hilo jingine.

Tangu siku ya binti akaacha kutoka. Alilala chali akakoroma kwa makusudi, ili Goodness wa chumba cha pili asikie. Kukoroma kwa uongo ni kazi, koo linakauka na mbavu zinauma. Mchana ndipo kulikuwa na adhabu kubwa zaidi, maana usingizi ulikuja na ilikuwa haramu kuupokea. Akihisi kope zinashuka anajimwagia maji usoni, au anainuka kufagia uwanja ambao umeshafagiliwa. Majirani walianza kusema uwanja wa Mama Mayunga siku hizi unaweza kulia chakula bila sahani. Hata sifa ile aliitilia mashaka. Mbona wanauangalia sana uwanja wake?

Akaanza kumwangalia na Goodness.

Yule binti alirudi wiki iliyofuata, na safari hii hakuketi na Lukresia. Alikaa na Goodness nyuma ya jiko, muda mrefu mpaka uji wa mtoto ukapoa. Lukresia alipita na ndoo, wakanyamaza. Akapita tena bila ndoo, akamkuta Goodness anafuta machozi kwa upindo wa kanga na binti amemshika bega. Jioni akauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, walikuwa wanazungumza nini.

"Mambo ya mtoto tu, mama," Goodness akasema.

Mtoto alikuwa mzima wa afya. Mambo gani ya mtoto yanamliza mama yake? Lukresia akakaa na hilo. Kesho yake asubuhi Goodness alimletea uji, akasimama akimtazama usoni kuliko desturi ya mkwe.

"Mama, macho yako yamekuwa mekundu."

"Moshi."

"Hatujawasha moto tangu jana mchana. Uji nimeuchemshia kwa jirani."

Lukresia akapokea bakuli, akageukia ukuta, akanywa uji akiwa ameupa ukuta uso.

Kisimani ndiko habari zilikokuwa zinapimwa. Kisima chenyewe ni shimo lililochimbwa kwenye mchanga wa mto, wanawake wanazunguka wakisubiri maji yajikusanye, na kusubiri huko kuna maongezi yake. Ikajulikana kwamba binti wa Bariadi amepita kaya nyingi, na wazee wote amewauliza lile lile.

"Mimi nilimwambia nalala mpaka kuku wananitagia tumboni," akasema Kabula, rafiki yake Lukresia tangu wakiwa wasichana.

Mwingine akasema yeye usingizi humkuta na tonge mkononi. Mwingine akasema mume wake alikufa akimlalamikia kwa kulala sana. Wakacheka sana, wakapigana vibega, lakini hakuna aliyemtazama mwenzake machoni. Kila mmoja alitaka kujua mwenzake alijibu nini, na kila mmoja alihakikisha wengine wote wamelisikia jibu lake.

Wakati wa kutwishana ndoo, Kabula akamsogelea.

"Mama Mayunga, sikia. Yule binti juzi alikunywa uji kwa Bujiku. Alikaa mpaka jua likageuka."

"Nani kakuambia?"

"Nimepita na kuni nikawaona. Bujiku anaongea kwa sauti ya chini, binti anaitikia kwa kichwa."

Lukresia akatwaa ndoo yake akaondoka bila kuaga. Njia nzima alikuwa anaunganisha. Bujiku kaenda kwa mganga, mganga katoa neno, sasa anatafutwa wa kulithibitisha neno, na nani afaaye zaidi ya mgeni mwenye simu kubwa, anayeingia kila nyumba bila kuulizwa? Mwanamke akikiri kwa mdomo wake kwamba halali, si kazi imekwisha? Tena shamba la pamba la Mayunga, lililoota vizuri tangu mvua zirudi, limepakana na la Bujiku. Alimkumbuka bibi mmoja wa kijiji cha pili, aliyefukuzwa na sungusungu mchana kweupe, anavuka barabara na godoro kichwani na wajukuu wake mwenyewe wamejificha wasimwone. Wengine hawakupata hata hiyo nafasi ya kubeba godoro.

Jioni ile mjumbe akaja. Bujiku anaita kikao cha ukoo, Jumapili, baada ya kanisa. Na Mama Mayunga asikose.

Lukresia hakungoja Jumapili. Alikamata kuku wake mzuri, tetea mwenye madoa, akambana kwapani, akaenda zahanati, kwenye chumba kidogo walichompa yule binti kukaa na watu. Akaketi kwenye benchi la nje mpaka wa mwisho alipotoka. Kisha akaingia, akafunga mlango mwenyewe, akaketi.

Hakuanza na lililomleta. Aliuliza kwao ni wapi. Evalina akasema asili yao ni Kiloleli, lakini yeye amekulia Bariadi, baba yake anauza vipuri vya baiskeli karibu na stendi. Baba ni nani? Kristofa. Kristofa wa nani? Hapo binti alifikiri kidogo kabla ya kusema Kristofa mwana wa Magese. Lukresia akaweka hilo moyoni, kwamba huyu ni mtoto anayelitafuta jina la babu yake kama mtu anayetafuta chenji.

"Bujiku alikuita kwake," akasema.

"Hakuniita, bibi. Naingia kila kaya."

"Na yeye ulimuuliza kama analala?"

"Nawauliza wote."

"Akasemaje?"

Evalina akaigeuza simu yake kifudifudi juu ya meza.

"Hilo siwezi kukuambia."

Haya, Lukresia akajisemea, ndiyo hayo. Akamwambia yeye ni shemeji yake Bujiku, amempikia tangu hajaota ndevu, hakuna siri ya Bujiku asiyoijua. Evalina akasema anaamini. Lukresia akamsukumia kuku juu ya meza. Evalina akasema asante, ni kuku mzuri sana, lakini hawezi. Hapo Lukresia akapandisha sauti. Akamwambia mjini wamemfundisha ukaidi, akamwambia anakunywa uji wa watu halafu anawafungia mdomo, akamwambia mtoto wa Kisukuma gani anamnyima mzee neno. Binti macho yalijaa maji. Alimshika kuku asianguke, akamrudisha mapajani kwa mwenyewe.

"Alichosema babu Bujiku ni chake," akasema. "Ulichosema wewe ni chako. Mama Goodness akiniuliza habari zako simwambii. Mkubwa wangu kule Bariadi naye simpi jina. Ukinichukia, bibi, nichukie tu."

Nje kulikuwa na mtu anapiga pampu ya baiskeli. Lukresia akawaza, mdomo huu umefungwa upande wa Bujiku, basi labda umefungwa na upande wangu. Au huyu ni mjanja kuliko anavyoonekana. Akampima tena. Msichana aliyetumwa angemchukua kuku, akatunga jibu lolote, akaenda zake. Huyu hata uongo mdogo hakumpa.

"Silali," akasema.

Na baada ya neno hilo mengine yalitoka yenyewe, kengele, jiwe la zizi, kukoroma kwa uongo, kufagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Binti hakugusa simu. Alisikiliza tu, mara moja moja anauliza kitu kidogo, kama dume jekundu alikuwa na umri gani, au Mayunga alikuwa anapenda kumwita dume yule jina gani. Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza Lukresia jambo lolote la Mayunga tangu msiba, isipokuwa nani kamla. Mwisho binti akamwambia kuzisikia kengele si wazimu wala si uchawi, masikio yaliyozoea kitu maisha yote yanachelewa kukubali kwamba kimekwisha, na yuko tayari kukaa naye tena na tena mpaka uzito wa msiba upungue.

Lukresia naye akamweleza maana ya swali lake. Akamweleza lote, la fisi, la mganga, la kikao cha Jumapili. Evalina alizidi kupungua kwenye kiti.

"Bibi, nimewauliza wazee wote hivyo."

"Na wote wamekuambia wanalala."

Binti akaitazama simu yake iliyolala kifudifudi, na safari hii hilo lilikuwa jibu.

Alitaka kuja kwenye kikao. Lukresia akakataa, akasema watasema mchawi kaja na wakili. Alitaka kumwambia mtendaji. Lukresia akamwambia mtendaji ameoa kwa Bujiku. Wakakubaliana jambo moja tu, namba ya simu ya binti ikae kwa Kabula, na jioni ya Jumapili Kabula asipomwona Lukresia amerudi kwake, apige. Akaondoka na kuku wake. Njiani alijilaumu. Amekwisha kusema. Kama kakosea kumpima yule mtoto, basi amejichongea kwa mdomo wake.

Jumapili watu walikaa uwanjani kwa Bujiku, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mkeka. Aliyeongoza ni mzee Masalu, mkubwa wa ukoo, ambaye sikio moja lilikuwa limekufa na la pili linafanya kazi likitaka. Bujiku alizunguka sana. Alieleza kiangazi, akaeleza marehemu kaka yake, akaeleza nauli na njia ya kwenda kwa mganga, na Lukresia muda wote alikuwa anamngoja amtaje yule binti. Anangoja aseme, tumeambiwa na mtu wa mradi. Hakulisema.

"Mganga alisema ni mtu asiyefumba macho," Bujiku akasema. "Sikutaka kuamini. Lakini nimemwona mwenyewe, kwa macho haya. Shemeji anakaa kwenye jiwe la zizi usiku wa manane. Na si mara moja."

"Anakaa wapi?" akauliza mzee Masalu.

"Zizini," wakampigia kelele sikioni.

Watu walimgeukia Lukresia. Goodness alikuwa anatazama mkeka. Kitu cha kwanza kilichomjia Lukresia ni kukana, kusema yeye hulala mpaka jogoo, kusema Goodness ni shahidi, anamsikia akikoroma. Mdomo ulishafunguka. Halafu maneno ya Bujiku yakamrudia, akayasikiliza upya. Kati ya kaya ya Bujiku na zizi la Mayunga liko shamba zima la pamba, na mwisho wa shamba uko ua wa minyaa ulioshonana kuliko ukuta. Kitandani kwa Bujiku huwezi kuliona lile jiwe. Hata mlangoni kwake huwezi.

"Ni kweli," akasema. "Nilikuwa nakaa pale. Silali tangu nimzike mwanangu. Sasa, shemeji, na wewe usiku huo ulikuwa unafanya nini pale?"

Bujiku akaangalia upande wa shamba.

"Nilisikia mbwa."

"Umesema si mara moja."

"Mbwa wanabweka kila siku."

"Kila siku wanakuvusha shamba mpaka kwenye minyaa yangu?"

Mke wa Bujiku akakohoa na kujifunika uso na kanga. Mzee Masalu akauliza kumesemwa nini. Wakamwambia, Mama Mayunga anamuuliza Bujiku kama na yeye halali.

"Kwani nani analala?" akasema mzee. "Mimi tangu mke wangu aende nalala mchana tu. Usiku naangalia mabati."

Wawili watatu wakacheka, halafu wakakumbuka wako wapi. Lukresia akaona macho yanavyohama. Yalikuwa kwake, sasa yanamwendea Bujiku, taratibu, na ni macho yale yale. Neno la mganga lilikuwa limelala pale katikati ya watu bila mwenyewe. Bujiku naye, kwa damu, ni wa ndani. Bujiku naye hafumbi macho. Lilihitaji kusukumwa kidogo tu kwa kidole, na kidole alikuwa nacho yeye.

Hakusukuma. Si kwamba alimhurumia Bujiku, huruma ilikuwa mbali sana siku ile. Alilishuku lile neno lenyewe. Likishammaliza Bujiku litakuwa limezoea nyama ya ukoo ule, na Bujiku ana mke, na mke yule naye atazeeka.

"Sisemi shemeji ndiye," akasema. "Nauliza tu, alikuwa anatafuta nini kwenye zizi la mwanangu?"

Bujiku akageuza kiti chake. Aliposema, alimsemea mzee Masalu, ambaye hakuwa anamsikia.

"Alikuja kwangu. Ng'ombe wake walikuwa bado wamesimama. Akaniomba wale wake waende na wangu kusini. Nilimwambia majani hayatatutosha sote." Akavuta pumzi. "Yalikuwa yanatosha. Na yalibaki."

Akaendelea kusema kwamba akilala anasikia mtu anabisha hodi, anatoka, hakuna mtu, anafuata njia mpaka kule kwa sababu huko ndiko miguu inakompeleka. Kisha akainuka, akasema anaangalia mbuzi, na mbuzi walikuwa wamefungwa pale pale mbele ya watu wote.

Mzee Masalu alipokwisha kuelezwa, alisema mambo haya yangoje mavuno. Hakusema yamefutwa. Lukresia alilisikia hilo vizuri sana, na alisikia pia wanawake wa mkekani walivyoondoka bila kumpa mkono, isipokuwa mmoja.

Njiani Goodness alitembea nyuma yake na mtoto mgongoni. Walipofika kwenye minyaa akasema, "Mama, mimi nilijua hukoromi."

"Ulijuaje?"

"Mtoto akilia ulikuwa unaacha kukoroma, unasikiliza kama nimeamka. Nikishamnyonyesha unaanza tena."

Lukresia akasimama.

"Na yule binti ulimwambia?"

"Nilimwambia yangu. Yako nimwambie kwa nini? Na mimi silali, mama. Nilikuwa naogopa wewe ukijua utasema ni mimi."

Wakasimama pale, kila mmoja akimwangalia mwenzake kama mtu anayeangalia mzigo uliorudi kutoka kwa wengine, kuona kama umepungua. Kisha Lukresia akamfungua mtoto mgongoni kwa mama yake akambeba yeye, na kwa mbali wakamwona Kabula amesimama njiani, simu mkononi, anawatazama wanavyokuja.

Siku iliyofuata Bujiku akaja. Hakuingia uwanjani. Alisimama nje ya ua, kofia mkononi, akasalimia, akaitikiwa mhola, akasalimia tena.

"Shemeji," akasema mwishowe, "yule binti wa Bariadi anakaa zahanati siku gani?"

Lukresia akamwangalia mikono, haikuwa na kitu. Akamwangalia uso, ulikuwa umevimba chini ya macho. Anaweza kuwa anakwenda kumtisha yule mtoto, kumuuliza Mama Mayunga alisema nini kule ndani mlango ukiwa umefungwa. Anaweza pia kuwa amechoka tu kutembea usiku. Ukoo umeambiwa ungoje mavuno, na kati ya leo na mavuno mtu anaweza kufikiri mengi. Alijaribu kuupima uso ule kama alivyoupima wa binti, lakini huu alikuwa ameuzoea mno, haukumwambia lolote.

"Alhamisi," akasema. "Uende mapema, watu ni wengi."

Bujiku akavaa kofia yake, akashukuru, akaondoka kwa njia ya shambani. Lukresia alimfuata kwa macho mpaka pamba ikamfunika. Halafu akamwita Goodness, akamwambia Alhamisi asimhesabu nyumbani. Atakuwa zahanati tangu asubuhi, kwenye lile benchi la nje linalotazamana na mlango, mahali ambapo mtu anaonekana anaingiaje, na akitoka anatoka na uso gani.